Kurusha na Kurudisha

Mume wangu Desderius hajui kudanganya, na ndiyo maana nilimshuku mapema. Mwongo hodari angeniambia anakwenda kununua chumvi, nami ningetulia. Yeye alisimama mlangoni, akatazama juu kwenye mabati kana kwamba jibu limeandikwa huko, akasema, "Mama Idefonsi, nafika hapo pale, narudi sasa hivi."

Hapo pale ni wapi? Nikajifunga kanga ya pili, nikamfuata kwa mbali.

Hapo pale palikuwa nyumbani kwa Adelfina.

Adelfina alikuwa mpishi wa Padre na ndiye aliyeshika funguo za nyumba yake. Padre mwenyewe alikuwa amekwenda kwao Ulaya kutibiwa macho, vita vikamkuta huko. Adelfina alikuwa mjane mwenye meno mazuri na alijua kuyatumia. Kwenye kwaya yetu ya Nyarubungo aliongoza sauti ya kwanza, mimi sauti ya pili, na tangu dunia iumbwe sauti ya kwanza na ya pili hazijapendana. Mume wangu, mwalimu wa shule na mpiga kinanda, alikaa katikati yetu akidhani anasuluhisha.

Alitoka mle ndani akiwa amebana mkono kwenye shati. Chini ya shati palionekana kitu cha pembe nne. Kikulacho ki nguoni mwako, nikajisemea, ila hiki kilikuwa kwenye nguo ya mwenzangu.

Kesho yake alipokwenda darasani nikapekua, nikakikuta chini ya godoro. Kaseti. Ilikuwa imefungwa kwa kitambaa cheupe kilichotariziwa maua, na maua yale niliyajua, kwa maana Adelfina hutarizi ua la aina moja tu. Nikaiweka kwenye redio yetu ya kaseti nikiwa nimejiandaa kusikia maneno ya mapenzi. Nilikuwa nimeshapanga hata kitu cha kumrushia kichwani.

Hapakuwa na neno hata moja. Palitoka kelele nyembamba, kali, isiyopumua, kama mafuta ya moto yaliyodondoshewa maji, ila haikuisha. Nikaisikiliza mpaka meno yakaniuma. Mtu wa kwaya hata akisikia mlango unalia hutaka kujua unalia sauti gani, na mimi nikaipima ile kelele: ilikaa juu kidogo ya pale Adelfina anapoanzia Aleluya siku anapotaka kuringa.

Nikazima. Hofu yangu ikabadilika sura. Mwanamke nilikuwa naweza kupigana naye. Lakini hiki kilikuwa nini?

Ilikuwa mwaka wa vita vya nduli. Vijana wetu walikuwa wamepandishwa malori kwenda mbele, na habari za ndege zilizodondosha mabomu Bukoba zilikuwa zimetufikia zikiwa zimenenepa njiani. Nyuma ya ofisi ya kijiji tulikuwa tumechimba handaki. Kila mgeni aliulizwa mara tatu anatoka wapi, na wenyeji nao wakaanza kuulizwa. Pale Lusahunga njia panda palikuwa na fundi redio, Ntakirutimana, mtu wa Ngara kama mimi na mume wangu. Mgambo walikuta waya juu ya paa lake, wakampandisha lori kwenda kuhojiwa. Hakurudi. Mkewe alikuwa bado anamwekea chakula chini ya ungo kila jioni, na asubuhi anawapa kuku.

Sasa mume wangu naye alikuwa na kaseti inayolia bila maneno, na kwao ni mpakani. Jioni nikamwekea kaseti juu ya ugali.

"Hii inazungumza na nani?" nikamwuliza.

Akatazama mabati, kisha akaona haisaidii. "Inazungumza na kinanda."

Hapo nikaelezwa. Kinanda cha umeme alichotuachia Padre kilikuwa na akili ya kukumbuka sauti: ukibonyeza namba unapata filimbi, namba nyingine fidla, nyingine tarumbeta. Bulugu, kamanda wetu wa mgambo, alipokuja kukikagua alikifungua kwa bisibisi akakuta ndani kibetri kidogo. Akasema kitu kinachokula umeme wa jenereta hakihitaji betri, kwa hiyo hiyo ni redio ya upepo, ya kurushia adui habari. Akaking'oa. Alipokirudisha baada ya kuombwa sana, kinanda kilikuwa kimesahau kila kitu. Hayo niliyajua. Nisilolijua ni kwamba waliokitengeneza waliziandika sauti zao kwenye kaseti, zikipotea unazirudisha.

"Hizi ni sauti za kiwandani," alisema. "Zimeandikwa kwa lugha ya kinanda."

"Na Adelfina ndiye mkalimani?"

"Padre aliiacha kwenye sanduku lake, na funguo anazo Adelfina. Nilijua utafikiri vibaya, nikaficha."

"Ukaficha ili nifikirie vizuri!"

Tulikuwa tumeshatoka nje, uani, nami nilikuwa nimepandisha sauti. Akanibembeleza kwa sauti ya darasani, ile inayofika dawati la mwisho: "Jumamosi tunarudisha sauti, mama Idefonsi, utaona mwenyewe." Ng'ambo ya ua jirani yetu Limi alikuwa anaanua mihogo. Nilimwona akisimamisha mkono juu ya mkeka.

Mihogo ile haikuanuliwa yote. Kabla hatujamaliza kula, Bulugu alikuwa mlangoni na mgambo wake wawili, Limi nyuma yao.

"Habali ya hapa, mama mwalimu," alisema Bulugu, tochi yake ndefu kwapani. "Tumesikia mwalimu Jumamosi atalusha sauti. Atalusha kwenda wapi?"

"Kurudisha," mume wangu akasema. "Kurudisha, Kamanda, si kurusha."

"Nimesikia kulusha," Limi akasema. "Mimi si kiziwi. Kulusha ni kulusha."

Hapo nikaona jinsi mtu anavyoweza kupotea kwa silabi moja. Limi na Bulugu wametoka Shinyanga, Kiswahili wamekipata sokoni na mikutanoni, na mtu aliyezoea Kisukuma haoni kubwa la kugombania katikati ya maneno hayo. Sisi wa Ngara tuna makosa yetu, lakini si hilo.

Bulugu akanigeukia. "Mama, wewe ndiye aliambiwa. Alisema kulusha ama kuludisha?"

Walinitazama wote. Mume wangu hakutazama mabati. Alinitazama mimi. Nilikuwa bado na hasira naye, nasema kweli, kile kitambaa cha maua nilikuwa sijakisamehe. Lakini nikakumbuka chakula kilichofunikwa kwa ungo.

"Kurudisha," nikasema. "Masikio yangu ni ya kwaya."

"Mke atamtetea mumewe tu."

"Hunijui, Kamanda."

Akafikiri. Hakuwa mtu mbaya, Bulugu. Alikuwa mtu aliyekabidhiwa kijiji kizima na tochi moja. Akatoa hukumu yake: Jumamosi kinanda kiletwe uwanjani, kati ya kanisa na ofisi ya kijiji, mbele ya watu wote. Kikiimba, mwalimu ni mpiga kinanda. Kisipoimba, lori la Biharamulo lina nafasi. Akaondoka na kaseti mfukoni, na usingizi wetu pia.

Jumamosi asubuhi jenereta la misheni lilikuwa linanguruma na watu wamejaa mpaka ukingoni mwa handaki. Limi alikuja na kigoda chake kabisa. Kinanda kilikuwa juu ya meza ya sakristia, spika yake chini, redio yetu pembeni. Waya wa umeme wa redio ile ulitafunwa na panya zamani, kwa hiyo ilitumia mawe ya betri, na mawe yenyewe mume wangu alikuwa ameyaanika juani tangu alfajiri, kama tufanyavyo wote, ili yapate nguvu. Kila jioni tulikuwa tunayachosha kwa habari za vita.

Bulugu akatoa kaseti mfukoni. Mume wangu akaunganisha waya, akabonyeza. Kelele ikatoka, na akina mama waliokuwa mbele wakarudi nyuma. Ilipokwisha, kinanda kikawasha taa nyekundu. Desderius akagusa vitufe. Kimya.

"Ludia," alisema Bulugu.

Akarudia. Taa nyekundu, kimya. Mgambo mmoja akafungua kamba aliyokuwa ameizungusha kiunoni, taratibu, bila kuambiwa, na lori likaanza kuungurumishwa kule ofisini.

Mimi muda wote nilikuwa namchunga Adelfina. Nilitaka kuona anamtazama vipi mume wangu. Alikuwa analia, na machozi yale niliyachukia. Lakini nilipotazama mdomo wake, ndipo nikakumbuka pale anapoanzia, na masikio yangu yakazibuka. Kelele ya leo haikuwa mahali pake.

"Adelfina! Anza Aleluya!"

"Kwaresima hii? Aleluya si imefungwa mpaka Pasaka?" alisema, amepigwa na butwaa.

"Anza, nasema! Baba Idefonsi, washa tena!"

Akaanza, juu kabisa kama kawaida yake. Kaseti ikalia chini yake, chini sana, mahali ambapo hata mwanamume angeweza kuigiza.

"Mnasikia?" nikapaza sauti. "Siku ile ilikuwa juu yake! Redio inaburuta, imechoka. Kinanda hakielewi mtu anayeongea kilevi. Kamanda, tupe mawe ya tochi yako."

Bulugu akaikumbatia tochi. "Mali ya ulinzi hiyo. Niyatoe mawe ya ulinzi yakalushe sauti?"

"Yaweke wewe mwenyewe, kwa mkono wako. Ukimpandisha mtu lori kwa sababu ya mawe mabovu, utamwambia nini mkewe?"

Sijui nilimwambia kwa uso gani. Akafungua tochi, akalinusa jiwe moja moja, akayapachika. Kaseti ikapanda, ikapanda, ikakaa palepale juu ya Aleluya ya Adelfina. Taa nyekundu ikazimika.

Mume wangu akafanya ishara ya msalaba. Akabonyeza namba moja, akaweka kidole.

Ikaja ndege.

Sisemi mlio unaofanana na ndege. Ilikuja ndege yenyewe, nzito, kutoka mbali, ikishuka juu ya vichwa vyetu. Watu hawakupiga hata kelele. Uwanja ulimwagika handakini kwa pamoja, wazee, kuku, Limi na kigoda chake. Wa kwanza kufika chini alikuwa Bulugu, kofia yake ikabaki juu. Adelfina alikimbilia kanisani.

Nilibaki nimesimama peke yangu, wala si kwa ushujaa. Masikio yaliniambia mlio unatoka chini ya meza, si mbinguni. Na macho yangu yalikuwa na kazi nyingine. Hapa, nilijiambia, hapa ndipo nitakapojua. Mtu akiona kifo, humkimbilia ampendaye.

Desderius hakunikimbilia mimi. Hakumkimbilia Adelfina. Alijitupa juu ya kinanda, akakikumbatia kwa mikono miwili, akakikinga kwa kifua chake. Kifua kikabonyeza vitufe vyote kwa mpigo, na ndege moja ikawa kumi. Kadiri zilivyoongezeka ndivyo alivyozidi kukikumbatia, na kadiri alivyokikumbatia ndivyo zilivyoongezeka. Ningemwacha, angelala pale mpaka Pasaka.

Nikaenda nikauchomoa waya wa spika.

Bulugu akapanda kutoka handakini, tope mpaka masikioni. Alitazama mbingu, akatazama spika, akamtazama mume wangu ambaye alikuwa bado amelala juu ya kinanda macho yamefumbwa.

"Mwalimu. Kinanda cha kanisa, ndege ya nini?"

"Sijui, Kamanda," alisema bila kuinuka. "Padre alizifuta hizi akaweka za kwake. Za kiwandani zenyewe hata mimi sijawahi kuzisikia. Walioziweka wanajua wenyewe."

"Ulidhani ni ndege kweli?"

"Nilianza kutubu."

Bulugu akajipangusa tope. Yule wa kamba akasogea. Bulugu akamsimamisha kwa mkono.

"Jasusi haogopi ndege yake mwenyewe," alisema. "Kunja kamba. Na yule wa loli mwambieni azime." Akaokota kofia, akaniomba nirudishe waya. "Bonyeza namba nyingine, mwalimu. Pole pole."

Namba mbili ilikuwa filimbi. Watu wakaanza kutoka handakini, wakicheka kicheko cha watu walionusurika, na Limi akasema yeye tangu mwanzo alisikia kuludisha. Bulugu aliondoka na mawe yake.

Tulirudi nyumbani mimi na mume wangu, amebeba redio begani. Nilikuwa na furaha, na katikati ya furaha ile nilikuwa na hasira ambayo sasa haikuwa na mwanamke wa kumshukia.

"Baba Idefonsi," nikasema, "ndege ilipokuja, ulikuwa unamkimbilia nani?"

"Wewe," alijibu upesi. "Nilikuwa nakuja kwako, kinanda kikanizuia njia."

Akatazama juu, ingawa pale njiani hapakuwa na mabati.

Nikaushika mkono wake hivyo hivyo, nikaubana. Mke wa Ntakirutimana angeupokea uongo kama ule kutoka kwa mumewe kwa kupiga magoti.