Jezi ya Manjano Aliyoiacha Pitia

Viktoria alijua timu ya mumewe, Pitia, imeshinda au imeshindwa kwa namna mlango wa uani ulivyofunguliwa. Pitia akiusukuma kwa goti huku anapiga mluzi, mambo yalikuwa mazuri, na siku hiyo ungemwomba hata kitenge kipya. Akiufungua polepole kama wa nyumba yenye mgonjwa, Viktoria alimwekea chakula akanyamaza. Jina la timu yenyewe hakuliuliza hata siku moja. Mpira ulikuwa mambo ya Pitia na madereva wenzake huko kwenye malori. Yeye alikuwa na kwaya yake, mihogo yake na watoto.

Kisha vita vikafika kwao Koboko, kaskazini-magharibi mwa Uganda. Wakakimbilia Sudan, na huko kambini, karibu na Yei, homa ikamchukua Pitia. Mwaka 1986 Viktoria alirudi nyumbani Midia, karibu na Koboko, na watoto wawili, Taban na Helen, na kifurushi kimoja. Ndani yake mlikuwa na rozari, vyeti vya ubatizo, na jezi ya manjano aliyoichomoa chini ya kiti cha lori siku ile ya kukimbia.

Taban alipoanza kuuliza baba alikuwa wa timu gani, mama aliitazama ile jezi. Alimwuliza mwalimu Adriko, naye akamwambia manjano ni KCC ya Kampala. Basi akawaambia watoto baba yao alikuwa mtu wa KCC.

Nyumba nzima ikawa KCC. Taban alisikiliza mpira kwenye redio ya jirani na kurudi sauti imekauka. Helen aliandika majina ya wachezaji kwa mkaa nyuma ya mlango wa jikoni. Hata katika sala ya jioni, baada ya kuwaombea marehemu, Helen alikuwa akiichomeka timu, na Viktoria, ingawa aliona haifai, aliitikia Amina. Jezi ilikuwa na doa jeusi lililozishinda sabuni zote. Taban hakutaka liguswe. Alisema ni kazi ya baba ile.

Mwaka 1989 Kamisi, aliyekuwa taniboi, yaani utingo, wa Pitia kwenye lori, alirudi kutoka Zaire akaja kutoa pole. Watoto walikuwa kisimani. Alilia kidogo, akanywa chai, kisha akaiona jezi kwenye kamba ya nguo. Akacheka mpaka akaweka kikombe chini.

"Mama Taban, hii jezi iko ya mimi."

Akaeleza kwamba mtu wa KCC alikuwa yeye. Pitia alikuwa Express, wapinzani wa KCC wenye jezi nyekundu, Express ya damu. Waliwekeana ahadi kabla ya mechi kwamba ambaye timu yake itafungwa atamwachia mwenzake jezi, Kamisi akashindwa, akavua jezi pale pale kituo cha malori Arua akapanda lori kifua wazi. Na Pitia akaifanya kitambaa cha kupangusia oili.

Kamisi alipouona uso wa Viktoria akaacha kucheka. "Watoto hapana jua, shemeji. Mimi nanyamaza."

Viktoria aliitazama jezi kwenye kamba. Watoto wale hawakuwa na kaburi la baba la kupalilia, wala picha. Walikuwa na timu. Akiwanyang'anya hiyo, atawapa nini? Lakini mpaka jana alikuwa amewadanganya bila kujua. Kuanzia leo angekuwa anajua, na bado jioni angepiga magoti nao.

Akawaambia siku ile ile, kabla ya chakula. Taban alisikiliza huku anachora ardhi kwa kidole cha mguu.

"Alipangusia oili?"

"Oili."

"Jezi ya KCC."

Taban akaianua jezi, akaikunja vizuri, akatoka bila kuaga. Helen aliuliza kama afute majina nyuma ya mlango. Mama akamwambia ayaache kwanza.

Taban alimfuata Kamisi alikofikia, kwa kaka yake Kamisi karibu na soko la Koboko, akampa jezi kwa mikono miwili. Kamisi akakataa kuipokea. "Baba yako alinishinda kwa haki. Iko yenu." Akamketisha, akamsimulia jinsi Pitia alivyomtania siku ile njia nzima mpaka Nebbi, akisimamisha lori kila kituo ili watu waje kumtazama mtu wa KCC asiye na shati.

Taban alirudi na jezi, na baba ambaye hata Viktoria hakuwahi kusimuliwa. Alisema yeye timu habadili, ameshateseka nayo sana. "Baba atanisamehe. Au atanicheka." Helen akasema kama ni hivyo yeye atakuwa Express, baba asibaki peke yake.

Siku timu hizo mbili zilipokutana, Helen alijifunga kitambaa chekundu cha mama cha kwendea kanisani, Taban akavaa jezi na doa lake, wakaenda kwenye redio ya jirani wakibishana njia nzima. Viktoria alibaki uani akichambua maharage. Alijiambia hasikilizii kitu.

Mlango ukafunguliwa polepole, kama wa nyumba yenye mgonjwa. Nyuma ya Taban, Helen alikuwa akipiga mluzi, msichana aliyekatazwa mara ngapi sijui.

Zamani Viktoria angeinuka akapakue chakula. Safari hii alisogeza sinia la maharage, akapapasa nafasi kwenye mkeka.

"Kaa hapa, Taban. Hilo bao liliingiaje?"

Taban akamtazama kwanza, kisha akakaa. Akaanza mbali, tangu mpira ulipokuwa bado katikati ya uwanja.