Shukrani za Mama Severina

Hakuna watu wanaonichosha kama watu wanaoshukuru. Mwekee mtu wa Kilolo rekoda mdomoni, umuulize kuhusu mbolea, ataanza na Mungu, aende kwa mkuu wa mkoa, ashuke kwa diwani, hadi kwa jirani aliyemwazima koti. Ukija kushtuka dakika tano zimekwisha na mbolea hujaisikia.

Wiki ya kwanza ya fildi redioni nilizirekodi shukrani zote, mjinga mimi. Mhariri wetu, Kasian, akasikiliza huku amejishika kichwa. "Wewe Goodness, mtoto wa Uyole, nimekutuma habari umeniletea harusi. Salamu hazina habari. Wakianza, simamisha rekoda. Wakifika kwenye pointi, bonyeza."

Basi nikawa nabonyeza. Tulikuwa wawili tuliotoka chuoni kujifunza pale redioni, Iringa mjini, mimi na Ezron, na nafasi ya kazi ilikuwa moja. Uamuzi ulikuwa Ijumaa. Jumatano Kasian akanituma kijiji kimoja cha Kilolo ambako mto ulizoa daraja la miti. "Ulete kitu chenye nyama," akasema, "la sivyo urudi kwenu Uyole, Mbeya, ukamsaidie mama yako kuuza viazi."

Mwenyekiti wa kijiji alishukuru mpaka nikasikia njaa. Kisha akaniitia mama mmoja mtu mzima, Mama Severina, aliyesimama na mkwewe, binti aliyejifunika khanga hadi kichwani. Mama Severina akanisalimu, kamwene, nikaitika. Akamshukuru Mungu. Akamshukuru katekista, akaishukuru kwaya. Haya, tumeanza tena. Nikasimamisha rekoda. Akaendelea na vijana wa ng'ambo ya mto, mmoja mmoja kwa jina, na mimi nikawa nahesabu muda wa gari la mwisho kurudi mjini. Alipovuta pumzi nikabonyeza.

"Mama, na daraja?"

Akaniangalia kidogo. "Daraja lilikwenda na maji mwezi wa tatu. Tunaomba tujengewe lingine."

Sekunde kumi, sauti safi. Nilifurahi, tena nilifurahi sana.

Kesho yake ilirushwa kwenye habari za saa saba. Kasian akasema haina nyama ila inalika. Haikupita nusu saa, simu ya chumba cha habari ikaita, nikapokea.

"Mwanangu, ni Mama Severina. Shukrani zangu zimekwenda wapi?"

"Mama, redio haina muda wa shukrani," nikasema, na sauti yangu haikuwa nzuri.

"Wale vijana walikaa kuisubiri redio. Mkwe wangu alishikwa na uchungu, wakambeba kwa machela majini, maji kifuani. Mtoto alizaliwa katikati ya mto, hakulia. Wakarudi naye, wakamchimbia kaburi. Mimi sina cha kuwapa. Nikasema, nitawashukuru redioni, watu wote wasikie."

Kasian alikuwa ameinama karibu, sikio kwenye simu.

"Hiyo ndiyo habari," akaninong'oneza. "Mwambie aanze upya, tunarekodi. Ukiipata, nafasi ni yako, simwiti hata Ezron."

Nikamwomba. Nikamwomba mara mbili, tena kwa unyenyekevu ambao jana sikuwa nao.

"Hapana, mwanangu. Jana mkwe wangu aliniruhusu. Alisema, mama, sema leo mara moja, mimi nikiwa nimesimama hapo, basi iishe. Nikasema. Siwezi kumrudisha tena majini. Wewe wasomee majina tu."

Akanitajia. Yalikuwa kumi na moja. Niliyaandika yote, nikamsomea, akanisahihisha mawili. Kasian alishaondoka, majina matupu hayana nyama.

Habari za saa kumi niliachiwa kusoma hali ya hewa, ndiyo kazi pekee waliyotuamini nayo sisi wanafunzi. Sikuisoma. Nilisema Mama Severina anawashukuru wafuatao kwa kumsitiri, nikasoma majina polepole, yote kumi na moja. Kasian alikuwa nje ya kioo akinionyesha kwa mkono nikate. Nilimwona vizuri kabisa.

Ijumaa nafasi akapewa Ezron, na jioni nilikuwa Uyole. Mama yangu ananiuliza kila siku kama ninajutia kile kiti cha redioni. Nimemwambia aache. Kinachoniuma ni kwamba nilisimama hatua mbili kutoka kwa yule mama, masikio yangu yote mawili mazima, akasema neno ambalo hatalisema tena, na mimi sikumsikia.