Zamu ya Ngusa

Minza alijiona fundi wa kuamua ugomvi wa watoto wake wawili. Kila wakitoka Kawajense kwenda Majimoto kusalimia kwao, sheria ilikuwa moja: Dina anachagua kwanza la kufanya kwa sababu ni mkubwa, Ngusa anafuata. Sheria nzuri kweli, kwa Dina.

Jumamosi hiyo Dina, mwenye miaka kumi na moja, alitaka kusukwa sokoni. Ngusa, wa miaka sita, alitaka kitu kimoja tu: kuona ng'ombe wa babu wakinywa maji mtoni.

"Mama, twende."

"Subiri dada yako amalize."

Na kusuka unakujua kunavyokula muda. Jua liligeuka, kichwa cha Dina bado nusu, na Ngusa ameshaambiwa subiri mara nne. Mara ya tano Minza alisema bila hata kuulizwa, akageuka. Benchi lilikuwa tupu.

Moyo ukamlipuka paa! Mtoni! Wiki ileile mamba alikuwa amebeba ndama wa jirani, tena mchana kweupe. Minza aliacha mkoba, akaacha viatu, akatoka mbio.

Njiani alikutana na kaka yake, Nyanda, akirudisha ng'ombe, miguu yao bado inachuruzika maji.

"Ngusa yuko wapi?"

"Ngusa? Mbona sijamuona, dada."

Kwao hakuna anayesogelea maji kabla ng'ombe hawajatangulia kuyavuruga, mamba wasogee mbali. Kila mtoto wa ukoo ule anaambiwa hivyo mapema. Lakini Ngusa amekulia kwenye maji ya bomba. Minza alikuwa amepanga kumwambia, siku yoyote, wakipata nafasi. Mama gani huyu, jamani!

Ukingoni palikuwa kimya. Kandambili mbili ndogo zilikuwa kwenye tope, zimepangwa vizuri pamoja. Maji yalikuwa mazito, hayaonyeshi kitu. Aliita mpaka sauti ikakatika, kisha akatia mguu majini.

"Mama, usiingie!"

Ngusa alichungulia kutoka nyuma ya kichuguu, miguu mitupu, machozi yamemchora mashavu. Alikuwa amejificha akiogopa kuchapwa.

"Babu aliniambia kwenye simu, bila ng'ombe mtu hasogelei maji. Nimepita njia ya mkato, nikakuta wameshaondoka."

Minza alimkumbatia. Alitaka kumchapa, alitaka kucheka, akaishia kulia tu. "Umenitisha, mwanangu. Nimeogopa sana, nilijua nimekupoteza."

Ngusa alimwacha alie. Alikuwa na hesabu yake kichwani.

"Uliposema subiri mara ya tatu, ningeondoka palepale, ningewakuta," alisema. "Siku nyingine sisubiri, mama."

Minza alimshika mkono, na hakuuachia mpaka sokoni.