Chumvi Badala ya Magadi

Frida alifundisha kemia katika shule moja ya sekondari mjini Dodoma, na kwa miaka mingi hakuna aliyemzidi katika somo hilo. Kisha Brightness akarudi kutoka Ujerumani.

Walisoma dawati moja. Frida ndiye aliyekuwa akimwelekeza mwenzake, lakini nafasi ya kusoma ng'ambo ilipopatikana, ilikwenda kwa Brightness. Sasa mkuu wa shule aliwaalika wazazi waje kumsikiliza akieleza habari za haidrojeni. "Mwalimu Frida, wewe utamwandalia vifaa," mkuu alisema. Frida akaitikia kwa uchungu, akaenda kuchukua funguo za maabara.

Ilikuwa miaka ile soko huria lilipoingia, vituo vya mafuta vya watu binafsi vikiota kila upande wa mji. Brightness alikuja na jipya: maji yakipitishiwa umeme wa jua hutoa gesi isiyo na moshi, nayo ikiwaka hugeuka maji tena.

Frida alibaki peke yake maabarani. Ili maji yapitishe umeme vizuri, alipaswa kutia magadi kidogo. Magadi yalikuwepo mezani, na chumvi pia, na alijua fika chumvi ingetoa nini. Dirishani alimwona Brightness akicheka na mkuu wa shule, kitenge chake kikipepea. Mkono ukaenda kwenye chumvi.

Watu walipokwisha kukaa, Brightness akaunganisha nyaya za betri. Viputo vikapanda.

"Tazameni, wazazi wangu, nishati safi kuliko..."

Hakumaliza. Harufu kali ya klorini, kama dawa ya kung'arishia nguo, ikajaa chumbani. Mzee Jaha, muuza mafuta ya taa, akakohoa mpaka kofia ikamdondoka.

"Usafi wenyewe ndio huu, mwanangu?"

Watu wakaangua kicheko. Raha ikampanda Frida, ikapita upesi. Brightness alichomoa nyaya, akafungua madirisha, akamtazama. Alikwisha kujua.

"Mniwie radhi, wazee wangu. Nimekosea mimi, nimetia chumvi."

Hapo ndipo Frida alipoungua. Hata kwa wema amenizidi! Akasimama, si kwa toba, bali kwa kushindwa kuvumilia kusitiriwa naye.

"Hakukosea yeye. Nilitia mimi, na nilijua."

Mkuu wa shule akainamisha kichwa.

"Basi njoo ulifanye jaribio upya," Brightness akasema.

Frida akaosha bakuli, akatia magadi. Gesi ilipojaa kwenye kichupa cha kioo, akakisogezea kiberiti. Ikalia *pwaa!*, na kioo kikaingia ukungu wa maji. Mzee Jaha akaugusa kwa kidole.

"Sasa mimi mafuta yangu nitamuuzia nani?"

Watu walipoondoka, Brightness akauliza, "Kwa nini, Frida?"

"Nafasi ile ilikuwa yangu."

"Najua. Nimelijua siku zote."

Frida alijiandaa kwa ugomvi, si kwa kukubaliwa. Akaanza kukusanya nyaya.

Mkuu wa shule alimnyang'anya funguo za maabara muhula mzima. Brightness, kabla ya kuondoka mjini, alimwachia vitabu vyake. Frida alivipita mezani siku nyingi bila kuvigusa, roho ikimuuma kila alipoona jina la mwenzake juu ya jalada. Hatimaye akavuta kiti, akafungua cha kwanza.