Mama Mdogo wa Kiganjani

Chuoni walimwita Kifutio, maana alichokichora asubuhi hakikufika jioni. Alikuwa mwanafunzi wa sanaa wa mwaka wa mwisho, na alibakiwa na kazi moja tu: kitabu cha picha cha watoto, kurasa zote ziwe ukutani Ijumaa. Ukurasa wa mwisho ulikuwa mweupe pe.

Wazo lenyewe, alilolitoa utotoni mwake, lilichekesha, na wenzake walicheka hasa. Mama yake alipofariki, watu wazima walimwambia asilie, mama mdogo anakuja. Sasa mtoto wa miaka minne atajuaje kwamba huyo ni mdogo wake mama? Alisikia alichosikia: mama anarudi, ila amekuwa mdogo. Basi akamtandikia kwenye boksi la viatu, akaficha na kipande cha mkate, amlishe mpaka awe mkubwa kama zamani. Jamani! Mlango ukafunguliwa, akaingia msichana mrefu na begi lake. Mtoto akachungulia nyuma yake, kisha akachungulia ndani ya begi.

Hayo aliyachora yote, na huyo mama wa kutosha kiganjani ukimwona utampenda. Shida ilikuwa mwisho. Mwalimu alisema hadithi inajimaliza yenyewe: mama wa kiganjani akue, amkumbatie mtoto, watu wafute machozi waende zao. Kifutio akachora hivyo, akafuta. Akikua, basi nafasi imejazwa, na mama yule wa kwanza harudi tena. Akibaki mdogo, yule msichana wa begi aliyemlea kwa jasho lake aambiwe hakutosha? Nani kama mama, watu husema, na kusema ni rahisi. Alikuwa na hamu na mtu ambaye hata sauti yake haikumbuki, na hamu hiyo aliionea haya ndani ya nyumba ya mama mdogo.

Alhamisi mama mdogo alirudi kutoka kazini, akazikuta kurasa zimetandazwa kwenye makochi zikikauka rangi. Kifutio alikuwa jikoni, na alipotoka alishachelewa. Mama mdogo alikuwa amezipitia zote, mkoba ungali begani, na mkononi kashika ile picha ya begi.

"Kumbe ulikuwa unamtafuta humu?"

Kifutio akaitikia kwa kichwa, akitamani ardhi ipasuke immeze.

"Mimi nilidhani unatafuta pipi."

Akasogeza karatasi mbili, akakaa. Akaiweka ile picha magotini, akasema, "Hata mimi nilimngoja. Nikiwa nakuogesha, mlango ukilia tu, moyoni nasema huyo dada, amekuja kunipokea mtoto wake."

Hawakuwahi kulizungumza. Miaka yote hiyo, nyumba moja, kila mmoja alikuwa anamficha mwenzake mtu yule yule.

Jioni hiyo Kifutio akachora ukurasa wa mwisho: mtoto na yule msichana wa begi, wote wawili wadogo, wamekaa bega kwa bega wakitazama mlango. Mama mdogo alisimama nyuma ya kiti chake akiangalia penseli inavyokwenda. Ilipofika kwenye mlango, akamgusa bega.

"Usiufunge," alisema. "Uache wazi kidogo."