Makochi ya Ukutani

Turia alisifika mji mzima wa Meknes kwa kupamba nyumba za watu, na baba yake alipokwenda Rabat kufanyiwa operesheni ya macho, alipania kumpokea kwa sebule mpya. Aliyang'oa makochi ya ukutani, yale yaliyozunguka sebule pande tatu tangu kabla hajazaliwa, akaweka kochi moja la kijivu katikati na meza ya kioo. Habari zilipokuja kwamba operesheni haikufaulu, alijiliwaza hivi: mtu asiyeona anahitaji nafasi, na nafasi sasa ipo tele. Mapenzi nayo hukosea, tena kwa bidii.

Mzee Abdelhai alivuka kizingiti, akanyoosha mkono wa kushoto kama siku zote kutafuta mgongo wa kochi. Mkono ukapapasa hewa.

"Samahani," akasema, "hapa kwa nani?"

"Baba, acha utani wako!"

Mzee akacheka kidogo. Hatua tatu mbele akagonga ugoko kwenye meza.

Siku mbili alikaa kwenye kiti cha jikoni akingoja kushikwa mkono, yeye ambaye hakuwahi kumwachia mtu birika lake la chai. Siku ya tatu mkoba wake ulikuwa mlangoni.

"Mpigie kaka yako Yunes. Ijumaa aje anichukue, nikakae kwake Casablanca."

"Si ulisema nyumba hii hutatoka mpaka ubebwe?"

"Nyumba ile, mwanangu. Hii ni yako. Nzuri, nasikia. Mimi sijui hata ukuta wake ulipo."

Turia alipanda juu ya paa akalie huko. Pale palikuwa na magunia ya sufu iliyotolewa kwenye magodoro ya makochi, yakimsubiri mnunuzi. Sufu hiyo marehemu mama yake aliifua kila kiangazi, akaianika paani na kuichambua kwa vidole. Turia akaingiza mkono ndani ya gunia, akakumbuka mkono wa baba yake mlangoni. Akateremka, akafumba macho, akajaribu kutoka mlangoni hadi dirishani. Hatua ya nne alikuwa amepotea, katika sebule aliyoipima mwenyewe kwa futi! Aliona aibu kweli kweli.

"Baba," akasema, "Yunes aje, lakini si Ijumaa hii. Ijumaa ijayo. Sufu inataka kuchambuliwa, na peke yangu siiwezi."

Wakaichambua pamoja paani, kwenye jua.

"Hili nini?" mzee akauliza, akimtupia bonge. "Mama yako angekuchapa."

"Wewe angekuchapa kwanza. Umekalia nusu ya sufu."

Kuta Turia aliziacha nyeupe kama alivyozipaka, ushamba wa rangi ya pinki ya zamani hakuurudisha. Ila seremala alizungusha tena makochi ya ukutani pande tatu, migongo ikafika penye kiganja cha mzee, na kila pembe ikashonewa kitambaa cha kukwaruza, ili mkono ujue pa kukata kona. Kochi la kijivu na meza ya kioo vikaenda zake. Sinia la chai likarudi mahali pake.

Ijumaa Yunes alifika na gari. Walipomaliza kula kuskusi, mzee aliinuka peke yake. Turia akajizuia asimshike. Kiganja kikateleza juu ya makochi, kikakwaruza pembe, kikakata kona, kikafika kwenye sinia. Akainua birika juu, akatega sikio chai ikiingia, akaacha kumimina kidole kimoja chini ya mdomo wa glasi.

"Yunes, chukua. Na wewe Turia, kaa. Kwangu wageni hawasimami."

Turia akakaa, machozi yakimtoka, akapokea glasi yake kwa mikono miwili.

"Na huo mkoba mlangoni," mzee akasema, "nimeugonga nikipita. Mtu aurudishe chumbani kwangu kabla haujaniangusha."