Maharage ya Basi la Kwihara

"Hivi, shoga, basi la Kwihara huwa linafika Kwihara?"

Sikuzani, jirani yangu, aliniuliza hivyo akiwa amechuchumaa kizingitini, ungo wa mchele mapajani. Macho yalikuwa kwenye mchele, masikio kwangu.

"Linakwenda," nikamjibu.

"Kwenda najua. Nimeuliza kufika."

Ilikuwa masika ya mwaka sabini na tano, nami nilikuwa kwenye eda, mwezi wa pili. Mume wangu Selemani alikuwa ameliendesha basi hilo miaka kumi na miwili, hadi homa ilipomlaza na Mola akamchukua. Nilikaa ndani kama dini inavyotaka, miezi minne na siku kumi, na dunia yangu yote ilikuwa dirisha moja la nondo linalotazama kituo cha basi cha mtaa wetu wa Ng'ambo.

Sikuzani hakuuliza kwa umbea, ingawa umbea anao. Asubuhi ile muuza asali wa Ipole, aliyepita Kwihara na baiskeli yake, alikuwa amemwachia salamu zangu kutoka kwa mdogo wangu Swaumu. Swaumu alikuwa na mimba ya miezi minane. Watoto wawili wa kwanza aliwazalia nyumbani na wote wawili tuliwazika, na mkunga alishamwambia kwamba huyu wa tatu azaliwe hospitali, huku mjini, la sivyo wasitegemee kitu. Siku tatu mfululizo alikuwa ameketi kando ya barabara na kifurushi chake, akisubiri basi. Siku tatu amerudi nacho.

Njia yenyewe ni ya kale kuliko kiburi cha mtu yeyote. Babu wa mama yangu alikuwa pagazi. Aliondoka Kwihara na pembe ya ndovu begani, akaenda kwa miguu hadi Bagamoyo, miezi mitatu, akafika, akarudi. Mwaka uliofuata uhuru Mzee Humaidi, Mwarabu wa duka la nguo, akaleta basi la kwanza, ubavu wa mbao, honi kama mbuzi aliyekabwa. Baadaye basi likawa la umma, nasi wote tukapiga vigelegele, mimi nikiwemo. Swaumu na mumewe walipohamishiwa kijiji kipya cha Kwihara waliambiwa wasihofu kitu, basi lipo.

Na lilikuwepo. Mbuga ya njiani ikijaa maji, abiria wa Selemani walishuka wakasukuma, naye alirudi na tope jeusi hadi magotini, akilalamika na kucheka kwa pamoja. Mimi nilikuwa nabandika maharage basi likiondoka saa nne. Akirudi, yameiva. Saa ya ukutani sikuwa nayo, wala sikuitamani.

Kwa hiyo siku ile nikayabandika tena. Basi likaondoka limejaa. Maji hayajabadilika hata rangi, nikasikia honi. Nikasogea dirishani: Saidi, dereva mpya, anashuka na viatu vyeupe. Vyeupe, masika! Magurudumu yaling'aa kama masufuria ya bi harusi. Siku ya pili ikawa vilevile, na ya tatu. Sikuzani akaniulizia kituoni: abiria Saidi alikuwa akiwashusha ukingoni mwa mbuga, wavuke wenyewe na mizigo kichwani, kisha anageuza.

Saidi namsamehe, alikuwa mtumwa wa amri. Mwenye amri alikuwa meneja wa basi, Mfaume. Alilipenda basi lile kama mtu anavyoipenda kanzu ya Idi, lioshwe, lisiguse tope, libebe wageni siku za sherehe. Huyu Mfaume tulimjua tangu akiwa karani wa Mzee Humaidi, akimshikia mwavuli kutoka dukani hadi msikitini. Mwavuli ulipoisha akavaa kaunda suti, akachomeka kalamu tatu mfukoni, na kidevu kikapanda kiasi kwamba mvua ingeweza kumwingia puani. Yeye ndiye aliyekuwa akitufundisha habari za kunyonywa.

Jumatano, basi likiwa limetoka punde, akaja kwangu. Siku ya maziko alituma salamu, siku ile alileta miguu.

Alikaa ukumbini kwenye mkeka. Mimi nilikuwa chumbani nyuma ya pazia, na Sikuzani kati yetu, kwa sababu si halali kwangu kuonwa naye. Pazia lilikuwa kanga kuukuu. Yeye hakuniona, mimi nilimwona vizuri sana, hata soksi.

"Ndugu mjane, pole na msiba," alianza, kama anayehutubia uwanja.

"Ana jina," Sikuzani akasema. "Bi Mwanajuma."

Alikuwa na karatasi. Watu wa Kwihara wamepeleka malalamiko, akaeleza, na Ijumaa kamati itakaa. Karatasi ilisema kwamba basi hufika Kwihara kila siku, halikuti abiria, na kwa hiyo safari hiyo ifutwe. Alitaka jina langu chini yake.

"Nyumba yako inatazama kituo. Na mji mzima unajua Bi Mwanajuma hasemi uongo."

"Mwambie," nikamwambia Sikuzani, "ukweli wa mtu si mwavuli. Hauazimwi."

Sikuzani akakohoa kuzuia kicheko. "Nadhani kasikia, shoga. Mwavuli anaujua."

Hakukasirika. Angekasirika ningemheshimu kidogo. Akalainisha sauti, akasema kituo hiki kitaitwa Kituo cha Selemani. Kibao cha bati, maandishi meupe, mbele ya dirisha langu hasa.

 Sitajidai mtakatifu, nilikitaka. Selemani hakuacha picha hata moja, na tayari kulikuwa na asubuhi ambazo uso wake ulikuwa ukinijia bila macho. Jina lake pale nje, kila siku, mbele yangu. Mfaume akadhani nimekubali, akaendelea kuzungumza, mara maendeleo, mara nidhamu ya kazi, kwa muda mrefu, akijipepea na ile karatasi. Nami nilikuwa namwona Swaumu kando ya barabara na kifurushi chake.

Honi ikalia nje. Basi limerudi.

"Sikuzani," nikasema, "mpakulie mgeni maharage."

"Shoga, yale bado haya..."

"Mpakulie."

Chakula cha nyumba yenye msiba hakikataliwi, hata na meneja. Akapokea sahani, akasema bismillahi, akatia kijiko mdomoni. Nilisikia meno.

"Bi Mwanajuma, haya hayajaiva."

Hapo nikasema naye mwenyewe, bila mjumbe. "Niliyabandika basi lilipoondoka. Selemani akirudi kutoka Kwihara, yalikuwa yameiva."

Karatasi yake ilibaki mkekani. Ijumaa Sikuzani aliipeleka kwenye kamati, nyuma yake nikiwa nimeandika niliyoyaona dirishani, kwa mwandiko wa darasa la nne, siku kwa siku. Wiki ya tatu Swaumu alishuka kwenye basi lililojaa tope hadi vioo, akapelekwa hospitali, na binti aliyezaliwa ndiye anayenisomea barua sasa, macho yangu yakiwa yamechoka. Kibao hakikuwekwa. Uso wa Selemani umenitoka, umebaki mkono wake kwenye usukani.

Lakini hayo ni ya baadaye. Siku ile Mfaume aliitazama sahani, kisha mlangoni, ambako magurudumu yalikuwa yaking'aa juani. Alitema harage kiganjani, akaangaza macho huku na huku asijue pa kuliweka. Mwisho akalitia mfukoni, pamoja na zile kalamu tatu, akainuka, akavaa viatu vyake kizingitini, akatoka.